Betri mpya iliyoniacha Likasi

Jinsi muuzaji wa betri alivyonijibu katika duka moja la hapa Lubumbashi, hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilimweleza wazi kwamba alfajiri ningesafiri kwenda Kolwezi kumzika shangazi yangu, safari ya kilomita 300 hivi, na kwamba gari langu ni la otomatiki, ambalo haliwaki kwa kusukumwa hata wakijitokeza vijana kumi. Nikamwomba jambo moja tu: aipime betri mbele yangu kwa kipima volti kilichokuwa pale mezani. Hakukigusa. "Mama, hii bado iko ndani ya nailoni yake, nipime nini? Hayo mambo mwachie bwana yako." Wateja wawili wakacheka, nami nikalipa kwa aibu.

Ilikuwa kiangazi, wakati wa baridi ya asubuhi, na gari liliwaka kwa kusitasita. Njiani, mjini Likasi, tulisimama kula, nikazima injini. Niliporudi na kuzungusha ufunguo, starta ilitoa mlio wa tak-tak, kisha kimya.

Tulipoteza saa nyingi hadi mzee mmoja fundi alipopatikana. Alipima: volti 11.8, ilhali betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha kama 12.6. Alternata, ile inayoichaji betri injini ikizunguka, haikuwa na kosa. Alieleza kwamba betri ilikaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa, salfeti, yaani utando wa chumvi, ikashika kwenye sahani zake za madini ya risasi, kwa hiyo haikupokea umeme vizuri hata injini ilipozunguka njia nzima. Alitumia betri nyingine isiyo na kosa: akaunganisha waya mwekundu chanya kwa chanya, na waya mweusi akautoa kwenye hasi ya betri hiyo akaubana kwenye chuma cha injini yangu, mbali na betri yangu, kwa sababu hewa inayotoka ndani ya betri hushika cheche na kulipuka. Gari likawaka. "Mwanangu, usizime mpaka Kolwezi." Sikuzima, lakini tulipofika watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini.

Lazima niseme haki: fundi wangu wa hapa nyumbani aliichaji polepole usiku kucha, na tangu hapo haijanisumbua tena. Kwa hiyo betri yenyewe si mbovu, na nilikuwa karibu kuandika kwamba ni nzuri. Hapana, ninajirudi. Salfeti iliyokwisha kuwa ngumu haitoki yote, maana yake nililipa bei ya betri mpya kwa kitu ambacho sehemu ya uhai wake ilikwisha kufia rafuni. Kipimo cha dakika moja kingeonyesha. Ikisoma chini ya volti 12.4, msiichukue, hata ikiwa ndani ya nailoni mbili.

Kasoro ya betri ningeweza kuisamehe. Lakini kwa neno lile la "bwana yako", na shangazi aliyezikwa bila mimi, sitampeleka mtu yeyote kwenye duka lile.