OpenStreetMap wakati wa mafuriko: uzoefu wangu hapa Tanga

Huu ni mwaka wa tatu natumia OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Nilianza kama mchoraji wa kujitolea, ila masika iliyopita ndipo nilipoihitaji kweli.

Maji yalikuwa yamejaa upande wa Amboni. Tulikuwa watatu kwenye bajaji, tumebeba maturubai na vyandarua vya familia zilizohamia shuleni. Mtandao ulikatika tangu alfajiri. Bahati nzuri ramani nilishaipakua, na GPS haili bando, kwa hiyo kile kidoti cha bluu kikaenda nasi kichochoro kwa kichochoro. Kwa hilo peke yake naipa alama zote.

Kisha tukakwama. Ramani ilionyesha barabara inavuka kijito na kutokea nyuma ya shule. Bibi mmoja, kuku kwapani, akatusimamisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Hapo bajaji haipiti, hapo pa kuvukia mbuzi. Rudini mkazungukie kwenye mwembe."

Karibu saa nzima ikapotea, na watoto kule wamelala sakafuni.

Kosa lile ni la sisi wachoraji. Umekaa mbele ya picha ya setilaiti, unaona mstari wa udongo, unauita barabara. Siubezi uchoraji wa mbali: baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waliichora Port-au-Prince kwa siku chache, na waokoaji wakaitumia. Lakini picha haikuambii kina cha maji, wala haijui watu wanapaitaje mahali. Kule Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga mjini, barabara zina namba, hata mgeni hapotei. Huku pembezoni utakuta nyumba zimechorwa, majina hakuna.

Angalizo kwa mtumiaji: ramani iliyomo simuni ni ya siku uliyoipakua. Ipakue upya kabla ya masika, na usiache pawabenki, maana GPS inakula chaji.

Maji yalipopungua nilirudi kwa miguu. Ile barabara nikaibadilisha kuwa njia ya miguu, nikaweka zahanati, nikauweka na mwembe, kwa sababu kila mtu kule anaelekezwa kwa mwembe. Nikamwonyesha yule bibi kwenye simu. Akautazama kwa muda, akaniuliza mbona njia ya kisimani haipo. Niliiweka jioni ile ile.