NewsGuard kwa msomaji wa Mtwara na Lindi: kipimo kizuri kisichofika WhatsApp

NewsGuard ni huduma ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2018 na Steven Brill na Gordon Crovitz. Waandishi wake hukagua tovuti za habari moja baada ya nyingine na kuipa kila moja alama kati ya 0 na 100. Ukiweka kiendelezi chake, yaani programu ndogo ya nyongeza, kwenye kivinjari, alama hiyo hujitokeza kando ya kiungo kabla hujakibofya. Ada ni dola 4.95 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 12,000. Kwa mtu wa Masasi, Newala au Nachingwea hatushauri kuilipia. Chenye thamani ni vigezo vyake tisa, na hivyo viko wazi kwa yeyote bila malipo.

Kigezo kizito kuliko vyote ni kutochapisha uongo mara kwa mara: alama 22. Kinafuata kukusanya na kuwasilisha habari kwa uwajibikaji, 18. Kusahihisha makosa hadharani kuna 12.5, kutochanganya habari na maoni 12.5 nyingine, na vichwa vya habari visivyopotosha 10. Hapo zimetimia 75, zote za ubora wa kazi yenyewe. Zilizobaki 25 ni za uwazi: kumtaja mmiliki na mfadhili (7.5), kubainisha matangazo ya kulipiwa (7.5), kujulikana kwa wasimamizi (5) na kwa waandishi (5). Kigezo hupatwa chote au hukosekana chote. Tovuti yenye 75 na kuendelea inahesabiwa kuwa ya kuaminika kwa ujumla. Ya 60 hadi 74 inaaminika ila ina kasoro kubwa. Chini ya 60 ni tahadhari, na chini ya 40 ni tahadhari ya juu kabisa.

Tunaupenda mgawanyo huu kwa sababu unaonyesha gharama ya kujificha. Ukurasa usiomtaja mmiliki wake, mwandishi, msimamizi wala tangazo la kulipiwa hauwezi kuvuka 75 hata kama kila ulichoandika ni kweli. Jambo jingine zuri ni kwamba wakaguzi huwatafuta wenye tovuti wajieleze kabla ya kuwanyima alama, kisha sababu huandikwa kwa kirefu. Unaweza kuipinga sababu, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa namba tupu.

Shida inaanza huduma ikifika Kusini mwa Tanzania. Kazi yake imejikita Marekani, Kanada, Uingereza na baadhi ya nchi za Ulaya, pamoja na Australia na New Zealand. Tovuti isiyokaguliwa haionyeshi alama, na kukosa alama si sifa wala si doa. Wengi hulisoma vibaya hilo. Halafu Chrome ya simu ya Android haipokei viendelezi, na wasomaji wengi hapa wana simu tu. Kubwa zaidi, alama hufuata anwani ya tovuti. Uzushi wa huku hufika kama picha ya skrini, ujumbe wa sauti au bango lenye nembo, ndani ya kundi la WhatsApp, bila anwani yoyote.

Chukua bei ya korosho, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Picha inazunguka: mnada wa leo, bei fulani kwa kilo, nembo ya chama kikuu cha ushirika juu. Mara nyingi namba si ya kubuni. Ni bei ya juu kabisa ya mnada mmoja, imekatwa bei ya chini, tani zilizouzwa, daraja na tarehe. Mkulima wa Tandahimba akiipokea anaona ameibiwa, kwa kuwa anachopata ni bei ya mzigo wa ghala lake baada ya makato: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji. Kwa vigezo vya NewsGuard, picha hiyo imeanguka kwenye ile 18 ya uwajibikaji na kwenye ile 10 ya vichwa vya habari, bila hata neno moja la uongo.

Kwa hiyo taarifa ya bei iulizwe mambo matano: mnada wa tarehe gani, wa chama kikuu kipi (MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao), ghala lipi, daraja la kwanza au la pili, na namba ni kabla au baada ya makato. Likikosekana moja, usisambaze. Matokeo kamili yaulizwe kwa viongozi wa AMCOS, yaani chama cha msingi.

Hali ya hewa ina hatari ya aina nyingine, kwa sababu utabiri wa kweli huchakaa. Aprili 2019 Mtwara ilijiandaa kwa Kimbunga Kenneth, nacho kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja kweli, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga. Ramani ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ya asubuhi, ikisambazwa kesho yake, inaweza kumpeleka mvuvi baharini au kumfungia nyumbani bila sababu. Tafuta saa ya kutolewa, kisha fungua meteo.go.tz uone kama kuna taarifa mpya zaidi. Jina la tovuti liishie .go.tz kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaolifuata; meteo-go-tz.com ni kitu kingine kabisa.

Ujumbe wenye mishale miwili juu umeshapita mikono mitano au zaidi. Aliyekutumia siye chanzo, hata akiwa mjomba wako. Kwa picha, ihifadhi kwenye simu, itafute kwa Google Lens, uone kama iliwahi kutokea kwingine kabla.

Msimamizi wa kundi akigundua uongo, asiishie kuufuta. Waliousambaza bado wanao. Aandike ujumbe mpya unaosema kipi hakikuwa sahihi, kilicho sahihi ni kipi na kimetoka wapi. Hiyo ndiyo ile 12.5 ya kusahihisha. Na anayesambaza huku akijua ni uongo, kwa nia ya kupotosha umma, akumbuke kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Vigezo tunavipa nyota nne kati ya tano. Kiendelezi chenyewe, kwa matumizi ya Mtwara na Lindi, nyota moja na nusu.