Siku mbili za vuli Lushoto: tathmini ya huduma ya kuongozwa milimani

Mwishoni mwa Novemba, mimi na wifi yangu tulipanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto ili tutembee kwa miguu siku mbili katika Milima ya Usambara Magharibi, tukiongozwa na kijana wa kikundi kimoja cha waongozaji wa pale mjini. Wanaoulizia safari hii kwa kawaida hushauriwa kusubiri kiangazi, na ushauri huo una msingi, kwa sababu mvua za vuli huufanya udongo mwekundu wa vijia uteleze kama mlenda. Hata hivyo nimerudi nikiamini kwamba thamani ya kiongozi mzuri huonekana zaidi katika msimu huu kuliko mwingine wowote.

Ratiba ilikuwa Irente, genge la kutazamia nyika iliyo chini ya milima, siku ya Jumamosi, lakini kulipokucha mji mzima ulikuwa umefunikwa na ukungu. Kiongozi wetu hakung'ang'ania ratiba. "Dada zangu," alituambia, "leo Irente mtaona weupe mtupu, twendeni Magamba, msituni ukungu hauharibu kitu." Alisema kweli. Chini ya miti mikubwa ya mikulo alituvunjia jani ili tunuse harufu yake ya kafuri, akatuonyesha mbega waliojikunyata juu ya matawi yenye kuvu, na akamwona kinyonga mwenye pembe mbili puani, ambaye sisi tungempita bila kumtambua. Kila tulipokutana na akina mama waliojitwika kabichi aliwasalimu kwa Kisambaa na kuwauliza hali ya njia walikotoka, na mara mbili alibadili kijia kutokana na majibu yao. Wifi yangu ana goti linalomsumbua. Alichongewa mkongojo kabla hajaomba, na kwenye miteremko kijana alimtangulia hatua moja, akimwonyesha mahali pa kukanyaga.

Usiku mvua ilinyesha sana, na Jumapili kukapambazuka mbingu zikiwa safi. Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi. Pale Irente mlima unakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini yake tuliona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika iliyokwisha kuanza kuwa kijani, jambo ambalo mgeni wa kiangazi halioni. Chakula cha mchana tulikula katika shamba la Irente, ambalo ni mali ya Kanisa la Kilutheri: mkate mzito wa kahawia, jibini na jemu, vyote vikitengenezwa hapo hapo. Kwa watu waliotoka kutembea kwenye baridi, sijui chakula kingefaa zaidi ya hicho.

Kasoro ninayoiona ni ya kikundi, wala si ya kijana. Bei tuliyopewa kwa simu haikujumuisha kiingilio cha hifadhi ya msitu, nasi tulilijua hilo tukiwa getini, tukasimama kwenye manyunyu karibu saa nzima tukisubiri mtandao wa malipo urudi. Ni vyema msafiri aombe mchanganuo wa gharama kwa maandishi kabla ya kutuma fedha. Abebe pia koti lake la mvua na viatu vyenye meno, maana havikodishwi, na ahakikishe kwamba ratiba inaweza kugeuzwa, ili Irente ibakizwe kwa asubuhi itakayoamka bila ukungu.