Kirikuu ya mkononi hapa Tanga: angalia chasisi kwanza, injini baadaye

Nimeitumia hii Suzuki Carry yangu, moja ya vile vilori vidogo vya mizigo tunavyoviita kirikuu, msimu mzima wa machungwa, kwa hiyo naizungumzia kama mtu anayeijua. Biashara yangu ni matunda na nazi. Machungwa nayatoa vijiji vya Muheza, nazi nazifuata upande wa Pangani, na mzigo mwingi unashukia soko la Mgandini. Bajeti ilikuwa shilingi milioni 8, na ndani ya hizo nilitaka gari, kubadilisha umiliki, bima na matengenezo ya kwanza. Naandika kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo mwenye hela kama hizo, kwa sababu wengi wetu tunazikusanya kwa miaka, na zikiingia kwenye gari bovu hazirudi.

Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nilikuwa nakodi. Kwa mizunguko ya mjini, kutoka Ngamiani hadi Makorora au Chumbageni, toyo inatosha kabisa. Lakini Muheza iko kilomita 30 na kitu kutoka mjini, na barabara ile ni ya malori na mabasi. Sikutaka kijana wangu wa kuendesha awe katikati yao na magurudumu matatu na mzigo mgongoni. Canter nayo, kwa milioni 8 utapata iliyochoka, na ikishakuwa yako kila tairi na kila galoni ya oili ni hesabu nzito. Pikapu za Hilux kwa hela hiyo ni za zamani mno, na wenye nazo hawashuki bei. Ikabaki kirikuu.

Kirikuu nazo zina majina mengi: Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar, Mitsubishi Minicab. Zote zimetengenezwa kwa sheria moja ya Japani ya magari madogo: injini isiyozidi cc 660, urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, na mzigo kilo 350. Ndiyo maana ukizipanga yadi zinafanana. Tofauti iko chini. Acty injini yake iko chini ya bodi la mzigo, Sambar za zamani injini iko nyuma kabisa na ina silinda nne, Carry injini iko chini ya viti. Mimi nilichagua Carry kwa sababu moja tu: mafundi wa hapa wanaijua na spea zake hazisumbui. Sambar ya zamani injini yake ni tulivu sana, naipenda, ila nilipoulizia spea madukani nikaambiwa niagize Dar. Gari la kazi halisubiri parseli ya basi.

Kitu kingine cha kujua mapema ni kusoma namba ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Magari ya Japani namba hiyo inaanza na herufi za toleo lenyewe. Ukiona DC51T au DD51T, hiyo ni Carry ya miaka ya tisini yenye injini ya F6A, ambayo inatumia mkanda wa taimingi. DA62T na DA63T zina K6A, ya cheni. DA63T ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2013, ikafuata DA16T yenye R06A. Usidanganywe na herufi za pleti. Mtu anakwambia "hii ni namba D" kana kwamba ndiyo umri wa gari, kumbe namba D inakuonyesha lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Gari namba D linaweza kuwa limetoka kiwandani zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo. Soma chasisi, kisha linganisha na kadi.

Mimi nilitafuta DA63T ya gia za mkono. F6A ni injini ngumu, bloku lake ni la chuma, ila lazima ujue mkanda ulibadilishwa lini, na kwenye gari la mkononi jibu la uhakika hulipati. Ukinunua ya mkanda, weka hela ya mkanda mpya pembeni siku hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hapa Tanga, kirikuu inaliwa na chumvi kabla haijaliwa na kazi. Upepo wa bahari uko kila mahali mjini, na zaidi ya upepo kuna kazi ambazo magari haya yanafanya. Kirikuu nyingi za mkononi zilibeba samaki: zinapakia pale Deep Sea au Kigombe, barafu inayeyuka njiani, na yale maji ya chumvi yanapenya kwenye mbao za bodi na kudondokea kwenye chasisi kila siku. Nyingine zilibeba chumvi yenyewe. Tena kuna zilizofika na kutu yake kutoka Japani, kwa sababu mikoa ya theluji kama Hokkaido barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu wakati wa baridi. Kwa juu hutaona kitu. Kirikuu ina bati jepesi, kupiga puti na rangi mpya ni kazi ya siku chache.

Fundi wangu ni mzee wa Ngamiani, ana gereji ya wazi chini ya mwembe, na yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia. Hakufungua injini kwanza. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini na bisibisi bapa na nyundo ndogo. Anagonga chasisi kila baada ya kiganja kimoja, kutoka nyuma ya kabini mpaka mwisho, upande wa kulia kisha wa kushoto. Chuma kizima kinatoa mlio mkali. Kilicholiwa kwa ndani mlio wake unazama, na hapo ndipo anapochomeka ncha ya bisibisi na kuisukuma. Anakaa zaidi kwenye maeneo manne: pale springi za nyuma zinapofungwa kwenye chasisi, pale chasisi inapopinda kupita juu ya ekseli, sakafu ya kabini chini ya miguu ya dereva, na nguzo za kabini karibu na bawaba za milango.

Kulikuwa na moja Makorora ambayo niliipenda sana kwa macho. Nyeupe, viti vipya, tairi nne mpya, mwenyewe anataka milioni 6 na nusu na kauli yake ni nzuri. Chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito, bado inang'aa. Mzee aligonga, akanyamaza, akasukuma bisibisi. Ikaingia kwenye chasisi karibu na springi ya kushoto bila kubishana, na alipoivuta yakatoka magamba ya kutu, yakamwangukia kifuani. Nilishuka mwenyewe nikachungulia. Ile rangi nyeusi ndiyo iliyokuwa imeshikilia, chuma hakikuwepo.

Nikamuuliza kama haiwezi kuchomelewa. Akaniambia, "Mwanangu, injini hata kesho nitakutafutia. Hii nitaitoa wapi?"

Maneno hayo ndiyo yaliyoongoza manunuzi yangu yote. Injini ya K6A ikifa unapata nyingine, unalia kidogo, unaendelea na kazi. Giaboksi hivyo hivyo. Chasisi iliyooza ukichomelea bati juu yake, kutu inaendelea kula pembeni ya weldi, na siku gari likikatika mgongo likiwa na mzigo liko barabarani na watu. Tena namba ya chasisi ndiyo gari lenyewe kwenye kadi, huwezi kuibadilisha ovyo. Kwa hiyo nilianza kutafuta gari baya kwa juu na zima kwa chini. Nililipata kwa bwana mmoja wa Muheza mjini aliyekuwa analitumia kubebea miche na mbolea. Rangi imepauka, mlango wa kushoto una bonde, kiti cha abiria kimechanika. Chini, nyundo ilitoa mlio mmoja mwanzo hadi mwisho.

Baada ya chasisi ndipo tukaangalia injini. Nilimwomba mwenye gari asiliwashe asubuhi hiyo mpaka tufike, maana injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha mengi. Tukanyanyua kiti, tukafungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanachanganyika na oili, ondoka. Tukafungua rejeta ingali baridi. Maji yakiwa na kutu nyekundu, ujue gari limetumia maji ya bomba kwa muda mrefu, na K6A bloku na kichwa vyote ni vya aluminiamu, ikichemsha mara moja vibaya inaunguza gasketi na kichwa kinapinda. Tuliliwasha, tukaangalia moshi, tukaliacha liungurume mpaka feni ikawaka yenyewe na kuzima yenyewe. Mwisho tukalipakia watu na magunia, mafuta nikaweka mimi, tukakata njia ya Amani ambako milima inaanza. Mjini Tanga ni tambarare, gari lenye klachi iliyokwisha linaweza kukudanganya wiki nzima. Mlimani linasema ukweli palepale.

Makaratasi nayapitia haraka. Kadi halisi, jina lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Namba ya chasisi isomwe kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye picha. Ingia kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, weka namba ya gari, uone madeni, kisha mwenye gari ayalipe kabla hujatoa hela. Uliza kama halijawekwa dhamana ya mkopo. Mkataba muandikishane kwa mwanasheria, halafu umiliki ubadilishwe TRA bila kuchelewa. Kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, fuatilia pia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na pleti nyeupe ya biashara, usikae na ya njano.

Nilinunua kwa milioni 6 na laki 2. Iliyobaki ilikwenda kwenye umiliki, bima, tairi mbili za nyuma, oili zote, breki, hozi za maji na shokapu. Tairi zake ni 145R12, na hapa nasisitiza: nunua za mzigo, zile zilizoandikwa 6PR ubavuni, usichukue za gari dogo la abiria kwa kuwa saizi inaingia. Utaona bei nafuu kidogo, halafu zinapasuka ubavuni.

Kazini inaniridhisha. Nikiwa na mzigo lita moja inanipeleka kilomita 12 hadi 13, nikirudi mtupu inazidi hapo. Inaingia vichochoro vya mashambani ambako Canter inabaki barabarani na vijana wanabeba kwa kichwa, na hilo peke yake limeniokolea hela nyingi za vibarua. Bodi linafunguka pande tatu, kupakia na kushusha ni rahisi. Spea ndogo ndogo nazipata hapa hapa mjini.

Yasiyonipendeza yapo. Kabini ni moto sana, unakaa juu ya injini, na jua la Januari la hapa kwetu unalijua. Mtu mrefu magoti yanagusa dashibodi. Kwenye barabara kuu basi likikupita kwa kasi gari linayumba, kwa hiyo kijana wangu nimemwambia 70 inatosha. Taa za mbele ni hafifu, usiku haitembei nje ya mji.

Mzigo ndio ugomvi wangu wa kila siku na wapakiaji. Kilo 350 ni kama mifuko 7 ya saruji, na mtu akiangalia bodi tupu anaona nafasi ya mara mbili yake. "Ongeza gunia moja tu, mama, ni hapo hapo." Siongezi. Kuna wenzangu wameweka springi za ziada wanabeba tani nzima, na gari linatembea kweli, ila springi ukiziongeza uzito unahamia kwenye chasisi, na chasisi ndiyo niliyoilipia. Na mzigo wa samaki sipokei, hata msimu wa machungwa ukiisha na gari limekaa. Nimeshaombwa na watu ninaowaheshimu nikakataa kwa adabu.

Nikirudi kutoka Pangani naliosha kwa chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kabla ya masika fundi anasugua sehemu zilizoanza kubadilika kwa brashi ya waya, anapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha ndani ya chasisi anapuliza oili chafu. Mwambie asifikishe oili kwenye breki wala kwenye mipira ya hozi.

Kama mzigo wako wa kawaida ni nusu tani kila siku, kirikuu siyo gari lako, subiri hela ifike ya Townace au Canter nzima. Kama ni mizigo midogo ya matunda, mboga, soda au vifaa vya duka, na bajeti ni kama yangu, chukua fundi wako, gunia, nyundo na bisibisi, na muuzaji akikataa mtu asiingie chini ya gari, mshukuru, uende kwa mwingine.