ORCID: namba ya kuaminika, mradi usome chanzo cha kila taarifa

Mtafiti anayeandika makala za kisayansi pamoja na wenzake walio mbali ninamshauri ajisajili ORCID, huduma ya namba za utambulisho wa watafiti, iliyoanza Oktoba 2012 na inayoendeshwa na shirika lisilo la faida kwa ada za taasisi wanachama. Yeye mwenyewe halipi chochote. Hupewa namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata akihama chuo au akibadili jina baada ya ndoa, jambo lenye faida kubwa kwetu Afrika Mashariki, ambako mtu mwenye majina matatu huandikwa kwa mpangilio mmoja katika jarida hili na kwa mpangilio mwingine katika lile, kazi zake zikatawanyika kana kwamba ni za watu tofauti.

Ubora wake mkuu, kwa maoni yangu, ni kwamba kila taarifa katika rekodi huonyesha chanzo chake. Makala iliyoingizwa na Crossref, shirika linalosajili machapisho ya kitaaluma, baada ya mchapishaji kuisajili pamoja na namba ya mwandishi, hubeba jina la Crossref; ajira iliyothibitishwa na chuo hubeba jina la chuo; na ile aliyoijaza mwenye akaunti hubeba jina lake mwenyewe. Uzito wa ushahidi huo haulingani, na anayetafuta mshirika wa utafiti akiishia kuhesabu makala bila kutazama nani aliyeziingiza, ameacha sehemu yenye manufaa zaidi.

Ninaisifu pia kwa kutompa mtafiti alama wala daraja, kwa sababu hesabu za kunukuliwa zinaweza kupandishwa na kikundi cha watu wanaonukuliana wao kwa wao.

Hata hivyo, kujisajili huhitaji barua pepe tu, si hati ya utambulisho, na rekodi nyingi hubaki tupu. Namba hiyo haisemi kama mtu hukabidhi data kwa wakati au huwatambua wasaidizi wake katika orodha ya waandishi; hayo bado huulizwa kwa waliowahi kufanya naye kazi.

Vyuo vyetu vilivyokwisha kuwa wanachama viingize vyenyewe ajira na shahada za watu wao, ili mhadhiri kijana asiye na jina kubwa asilazimike kujishuhudia mwenyewe mbele ya washirika wa nje.