Yogati ya kujipakulia au koni: uwapeleke wapi watoto Kisumu?

Kwa bei, koni ya aiskrimu inashinda: unaijua bei kabla ya kutoa pesa. Yogati ya kujipakulia, yaani yogati iliyogandishwa unayojitolea kwenye mashine, hulipiwa kwa uzani, na mtoto akishika mpini wa mashine haachilii upesi. Kinacholemea mizani zaidi ni vipande vya embe na nanasi, kwa hiyo chukueni vikombe vidogo. Lakini raha ya kila mtoto kujipakulia mwenyewe, koni haikupi.

Mafuta ya yogati kwa kawaida ni machache kuliko ya aiskrimu. Lakini sukari ni nyingi vilevile.

Stima ikipotea, mashine husimama, ilhali friza ya aiskrimu iliyofungwa huhifadhi baridi kwa saa kadhaa.

Mkitembea ufuoni Dunga juani, koni itawatiririkia hadi kwenye viwiko, ila inaliwa mkitembea. Mkitaka kuketi mpige gumzo, yogati inafaa zaidi.