Hesabu za chakula cha shule: daftari au simu?

Tangu elimu bila ada ianze 2016, chakula cha mchana katika shule nyingi za kutwa huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kinategemea michango ya wazazi: mahindi, maharage, hela ya mpishi. Hesabu ikikosewa, mtoto ndiye anayelala njaa.

Kwa gharama, daftari linashinda: halidai chaji wala bando, na mjumbe yeyote wa kamati analifungua akasoma. Kwa usahihi, jedwali la kwenye simu liko mbele. Linajumlisha lenyewe, na ukihifadhi nakala mtandaoni, mvua ya Rungwe haiifikii. Lakini mwalimu akihamishwa na simu yake, kumbukumbu zinaondoka naye.

Kuna kosa lisilotibiwa na chochote kati ya hivyo. Mzazi mmoja analeta debe limefurika, mwingine limesawazishwa, wote wanaandikiwa "debe 1". Hapo nunueni mizani kwanza, muandike kilo.

Shule ndogo ya Makete yenye mtandao wa kusuasua, mimi ningeiachia daftari lenye sahihi mbili, ya mtunza stoo na ya mzazi. Shule ya Mbeya mjini yenye wanafunzi mamia na kompyuta ofisini, jedwali litaiokolea muda mwingi.